Kwa Nini Bastola ya Githae Haikulia

Ukishuka Mwihoko upande wa chini, pale lami inapochoka na vumbi kushika usukani, utakuta benchi refu la mbao limeegemea ukuta wa kinyozi. Huyo kinyozi ni mimi, na benchi ni langu, ingawa hakuna anayelikumbuka hilo. Idarous, mtu wa Majengo ya Thika, huweka jiko lake hapo na dele, lile birika refu la kahawa tungu, juu yake, mpaka na yeye tukamwita Dele. Ijumaa tu ndiyo hawashi moto mpaka watu watoke msikitini, na mchana huo benchi hukaa tupu, kwa sababu sisi bila kahawa hatuna la kusema. Sasa basi, jambo la Githae lilitokea Ijumaa mchana, ng'ambo ya barabara, dukani kwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Hilo halikutuzuia kulieleza. Jumamosi asubuhi, baridi ya Julai ikiwa bado imekaa mabegani, Githae alivuka barabara mbio bila kuangalia kushoto wala kulia, duka amelifunga, na mkono mmoja ameutia ndani ya jaketi.

Tangu apate leseni ya bastola, jaketi la Githae limelala upande mmoja, na sisi tukaanza kumwita Mheshimiwa. Anauza chakula cha kuku na ng'ombe, na mashine yake ya kusaga ndiyo inayotufanya tupige kelele hata tukisalimiana. Bastola aliinunua baada ya wezi kuingia dukani na kumvunja mkono mkewe, Beth. Kwa jina la Mheshimiwa tulicheka. Kwa mkono wa Beth hakuna aliyewahi kucheka.

Githae: Watu wangu! Jana nilikuwa maiti! Mnaongea na mtu amefufuka!

Aoko, muuza mandazi, tunamwita Daktari kwa vile hakuna ugonjwa ambao hajaupatia mzizi wake. Alisogeza beseni kumpisha.

Aoko: Yawa! Kaa kwanza. Dele, mpe kahawa, lakini usiweke tangawizi. Moyo yake tayari inakimbia.

Githae: Watu wako msikitini, barabara imenyamaza. Mashine iko on, inanguruma, siwezi sikia hata nikikohoa. Nimeinama nachota pumba. Kuinua macho, Ngai! Mtu! Helmeti kwa kichwa, kitambaa kwa pua, mkono iko ndani ya jaketi. Anakuja hivi! Hivi! Nikasema, ni wale wale walikuja kwa Beth.

Aliyemjibu ni Philip, Sajini wetu, aliyelinda benki mjini Ruiru mpaka akastaafu. Mpaka leo hukaa wima, utadhani kuna mkubwa anapita.

Sajini: Ukachukua hatua gani?

Githae: Nikatoa chuma. Nikalenga kifua. Nikafinya.

Dele: Subhanallah!

Githae: Tik.

Sajini: Tik?

Githae: Tik! Kama swichi wakati stima imepotea! Nikafinya tena, hata hiyo tik ikakataa. Bastola mpya, jameni! Ndogo, ya kisasa, inaingia kwa mfuko kama simu!

Aoko: Na mwizi?

Githae: Akageuka mbio! Aliangalia hii macho yangu akajua huyu si mtu wa kuchezea. Bastola ilinitupa, lakini macho ilifanya kazi!

Hapo ndipo swali lilipozaliwa: kwa nini haikulia? Nimenyoa watu Mwihoko hii tangu ikiwa mashamba, na sijawahi kuona benchi likichangamka namna ile. Nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Nikamwambia angoje.

Wa kwanza kuruka alikuwa Muzammil, fundi wa cherehani mwenye karakana ubavuni mwangu. Jina lake la benchi ni Injinia, kwa kuwa hajawahi kukubali kwamba duniani kuna mashine asiyoijua.

Injinia: Mimi nilijua! Siku ile ulinionyesha, nilisema nini? Nilisema ni ndogo! Sikiza, cherehani kubwa inameza kitu yote, hata turubai, hata kiatu. Lakini kile kicherehani cha mkono, kile cha kusafiria, kikipata uzi mbaya kinatapika. Kwa nini? Kila kitu imefinywa ndani. Springi fupi, tena ngumu. Hakuna nafasi ya kukosea. Kamba hukatikia pabovu, na kwa kitu kidogo kila mahali ni pabovu!

Sajini: Wacha springi, Injinia. Ni mkono. Hizo ndogo zinataka mkono ngumu. Ukishika legelege, kama umeshika mandazi ya moto, bastola ikirudi nyuma mkono inaenda nayo. Haimalizi safari yake. Inakwama katikati.

Injinia: Irudi nyuma imetoka wapi? Haikulia hata ya kwanza!

Sajini: Ulegevu unaanza kabla.

Injinia: Kabla ya nini?

Sajini: Kabla ya kila kitu! Ndio maana inaitwa ulegevu!

Githae: Mimi si mlegevu! Nabeba gunia ya layers mash, chakula ya kuku, peke yangu!

Aoko: Nyamazeni nyote, mnaacha kitu iko wazi. Ni baridi. Angalieni haya mandazi yangu, tangu mwezi uanze yanakataa kufura. Sajini, ndani ya risasi si kuna unga?

Sajini: Ni baruti.

Aoko: Ni unga ama si unga?

Sajini: Ni... ya unga-unga, ndiyo.

Aoko: Basi! Unga ni unga. Na kwa baridi unga haifuri. Alikuwa alale nayo kwa blanketi ipate joto.

Githae: Lakini mimi hulala nayo! Iko chini ya mto!

Aoko: Mto si blanketi.

Hapo Dele akashusha kikombe. Huyu hasemi sana, na akisema hutanguliza wahenga, nao wahenga huwa hawaulizwi kama wamekubali.

Dele: Ndugu zanguni, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Haya, Githae, wewe ulijaza risasi magazini mpaka pomoni?

Githae: Pomoni!

Dele: Basi. Debe lililojaa halivumi.

Injinia alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ambao amekuwa akiupita kila siku. Nami, kwa kuwa hakuna kitu kinachoniuma kama kuwa mtu pekee asiye na maoni, nikasema yangu. Niliwaambia kwamba simu yangu nikiishika na nywele mkononi hukataa alama ya kidole, na bila shaka bastola hizi za kisasa zinamjua mwenyewe kwa kidole vilevile. Githae alikuwa anachota pumba. Bastola ilionja kidole, ikakuta pumba, ikaona huyu si Githae.

Githae: Haiya! Kinyozi! Hiyo iko na maana!

Aoko: Maana gani? Sasa bastola iko na pua?

Simu ya Githae ikalia. Alikuwa Kanini, mfugaji wa Theta, na sauti yake tuliisikia sote bila Githae kuweka spika. Alikuwa anataka chanjo ya kuku wake, aliyoahidiwa jana.

Githae: Mama Kanini, haijafika, naapa! Nimepigia watu wa Thika, ati waliituma jana. Waliituma na nani, na mimi sijaona mtu? Mbuvi ndio huniletea, na leo hata simu hashiki. Wote ni wakora! Ngoja mpaka Jumatatu... Najua kuku hawangoji... Najua, mama!

Akakata, akatema mate kando.

Githae: Dunia imeharibika. Mtu anakula mzigo yako, mwingine anakuja kukuua kwa duka yako, na bastola yako inafanya mgomo.

Injinia: Si uitoe tuione? Tunasumbuka na maneno na mgonjwa mwenyewe yuko hapa.

Githae, Mungu amsamehe, akaitoa.

Wewe! Sijui nani alifika chini wa kwanza. Najua tu kwamba nilipofumbua macho nilikuwa chini ya benchi langu mwenyewe, Injinia yuko juu ya mguu wangu, beseni la Aoko limegeuka kofia yake, na mteja wangu wa nusu kichwa anakimbia kuelekea Githurai na shuka langu shingoni.

Sajini: Elekeza chini! Kidole toa! Toa kidole, Githae! Iko na risasi ndani?

Githae: Sijui!

Sajini: Hujui?

Githae: Si ilikataa kutoka! Itakuwa iko ama haiko, nani anajua?

Aoko: Uuuwi! Na umelala nayo chini ya mto! Beth anajua?

Kando ya jiko kulikuwa na fungu la mchanga la jirani anayejenga. Sajini akamshika Githae kiwiko, akamgeuza taratibu mpaka mdomo wa bastola ukatazama mchanga, kisha akaichukua mwenyewe. Akatoa magazini. Akavuta ile sehemu ya juu irudi nyuma, na tukaona kwa macho yetu: haikuruka kama inavyoruka kwenye filamu. Ilijikokota kama mlango wenye kutu. Risasi moja ikachomoka, ikapaa, na ikatua ndani ya kikombe cha Dele.

Dele: Astaghfirullah! Hiki kikombe sikioshi. Hiki nakizika.

Sajini: Ilikuwa ndani. Imekaa ndani kutoka jana.

Sote tukamtazama Githae. Githae akatazama anga. Ila hofu ya benchi letu haikai sana, hasa pakiwa na fumbo la kufumbua, na Injinia alikuwa amekwisha sogea akachungulia.

Injinia: Sajini, usifunge. Hii ni nini hapa ndani? Imejaa kitu kama uji. Uji umekauka!

Sajini: Usiguse.

Injinia hajawahi kuambiwa usiguse akatii. Alipitisha kidole, akakinusa. Akanipa mimi ninuse. Nami nikampa Aoko mkono wa Injinia anuse. Harufu ile hakuna mtu aliyekulia kaunti hii asiyeijua.

Aoko: Mafuta ya kukamulia.

Injinia: Ya ng'ombe!

Dele: La haula!

Injinia: Githae. Ulipaka bastola mafuta ya matiti ya ng'ombe?

Githae: Si mafuta ni mafuta? Waliniambia pale nilipofunzwa, ati ipakwe mafuta. Hawakusema ya nani! Kila Jumapili mimi napaka, tena vizuri, nakandika ndani ndani. Na mbona mnaniangalia hivyo? Mlango ikilia tunapaka hiyo. Kisigino ikipasuka, hiyo. Beth anapaka kwa uso. Kinyozi, hata mashine yako ya kunyoa, si ni hiyo unapaka?

Nilikohoa. Kopo langu lilikuwa dirishani, na kila mtu aliliona.

Injinia: Mafuta mazito, na vumbi ya pumba juu yake! Kila siku pumba, kila Jumapili mafuta! Umepika keki ndani ya bastola! Ule msumari wa kugonga risasi ulikuwa unatembea kwa matope. Ndio maana ikasema tik, ikachoka!

Tulishangilia! Sijui tulishangilia nini, lakini tulisimama, tukapigana mabega, Aoko akapiga kigelegele, na mandazi yaliyookotwa chini yakagawanywa bure. Kila mmoja alikuwa ameshinda. Injinia alisema ni yeye aliyesema kitu kidogo hakina nafasi ya kukosea. Aoko alisema mafuta yaliganda kwa nini kama si baridi? Mimi nilitaja pumba kabla ya mtu yeyote, na nataka hilo likumbukwe. Hata Dele alisema debe lilikuwa limejaa, isipokuwa lilijaa uji.

Sajini: Basi fanya hivi. Hii narudisha kwako ikiwa tupu, magazini weka mfuko ile ingine. Jumatatu peleka kwa fundi wa bunduki mwenye kibali. Na uende polisi uandikishe ile mambo ya jana.

Githae: Jumatatu asubuhi! Ioshwe, ing'ae, iwekwe mafuta yake ya kizungu. Na huyo mtu arudi! Naomba arudi! Mara hii hatasikia tik!

Katikati ya shangwe ile ndipo nilipomwona mwanamke amesimama karibu na jiko. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, jaketi zito limefungwa zipu mpaka shingoni, na helmeti ameitundika kwenye kiwiko. Alikuwa anatazama duka la Githae lililofungwa. Alitusalimu, akauliza kama mwenye duka atafungua. Dele akamwambia mwenye duka yuko hapo, amalize kahawa tu, naye mgeni akae. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akaongeza, sijui kwa nini. Mwanamke akakaa kwenye ncha ya benchi, akapokea kikombe, lakini hakunywa.

Githae alipoona sikio jipya, alikuwa na furaha kama mtoto aliyeona mgeni na mfuko. Duka akalisahau. Akasimama mbele ya yule mama akaanza upya.

Githae: Madam, umekuja wakati mzuri! Unamwona huyu mtu mbele yako? Jana alikuwa maiti! Nimesimama kwa duka, hapo hapo. Jitu! Jitu limejaa mlango, mpaka giza imeingia! Helmeti nyeusi!

Injinia: Hukusema jitu.

Githae: Sasa nasema! Na nyuma yake kulikuwa na mwingine, ameshikilia pikipiki. Huyu wa mbele mkono iko ndani ya jaketi, ameshika panga. Niliona mpini!

Aoko: Panga ndani ya jaketi? Ataketi aje?

Githae: Ni ile fupi! Akaniambia, mzee, leo ni leo. Mimi sikutetemeka. Nikatoa chuma hivi, nikalenga hapa!

Akanyoosha kidole chake kinachong'aa mafuta ya bastola mpaka karibu na zipu ya jaketi la yule mama. Mama akaweka kikombe chini. Akaishika zipu ya jaketi lake kwa mikono miwili, na nilidhani ni baridi.

Mwanamke: Alikuwa anataka nini?

Githae: Nani?

Mwanamke: Huyo mtu. Alikuwa anataka nini?

Githae: Si... ni mwizi! Mwizi anataka nini?

Mwanamke: Alisema anataka pesa?

Githae: Madam, mashine ilikuwa inanguruma. Singesikia hata kama...

Akaishia hapo, kwa sababu panga na leo ni leo vilikuwa bado hewani, na sote tulikuwa tumevisikia.

Mwanamke: Na hiyo mkono ndani ya jaketi. Ilikuwa imeshika nini?

Githae akamtazama Sajini. Sajini akamtazama Injinia, na Injinia akakipangusa kile kidole chake kwenye suruali. Asubuhi nzima tulikuwa tumeifungua ile bastola kwa maneno mpaka msumari wake wa mwisho. Upande wa pili wa bastola hakuna aliyewahi kuupitia.

Yule mama akashusha zipu. Akaingiza mkono ndani ya jaketi polepole, na mkono wa Githae ukarukia mfukoni wenyewe, kwenye ile bastola tupu. Sajini akaukamata juu kwa juu. Kilichotoka ndani ya jaketi ni chupa ndogo ya chai, ya buluu, imezungushiwa kitambaa cha kanga.

Mwanamke: Ndani ni chanjo yako ya kuku. Mbuvi ameshikwa na malaria, akaniambia nimshikie kazi. Mimi ni Bridget. Alinionya hii barabara yenu inarusha, chupa zikikaa kwa sanduku ya pikipiki zinavunjika. Akasema beba kwa kifua. Ndio nikabeba kwa kifua.

Aoko: Mama yangu! Mama yangu!

Bridget: Niliita mzigo. Nikaita tena nikiingia. Nikaona husikii, nikasema wacha niitoe aione.

Akaiweka ile chupa juu ya benchi, katikati yetu.

Bridget: Barafu ya ndani iliyeyuka. Haifai kitu sasa, usimpatie mtu. Lakini mzigo ni mzigo. Nilisema nitaufikisha.

Githae aliketi. Hakuketi kwenye benchi, aliketi kwenye lile fungu la mchanga, na bastola ikamchoma ubavuni akaisukuma kando.

Githae: Madam... mimi... walimvunja mke wangu mkono. Hapo hapo. Walikuja hivyo hivyo, na helmeti.

Bridget: Mbuvi aliniambia. Mwambie pole.

Sajini: Ulienda polisi?

Bridget: Niende niseme nini, mzee? Yeye ako na leseni. Mimi nilikuwa na helmeti.

Sajini akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona Sajini akiinama.

Bridget: Nilifika nyumbani jana nikakuta watoto wanapigania rimoti. Siku ingine ningewachapa. Nilikaa tu kwa mlango nikawaangalia wakipigana mpaka wakachoka.

Hakulia, na hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angetutukana, kwa maana mimi nilikuwa nimeshangilia, na mikono yangu bado ilikuwa na harufu ya yale mafuta. Nilitaka kusema kitu. Kila kitu nilichokuwa nacho kilikuwa ni maoni.

Dele akachukua kikombe safi, akainamisha dele kumjazia upya. Ilitoka nusu kikombe, kisha machicha. Akampa hiyo nusu kwa mikono miwili. Mara hii Bridget aliinywa, yote, akarudisha kikombe, akavaa helmeti. Kitambaa akakipandisha puani, na ghafla alikuwa ni yule yule ambaye Githae alitusimulia asubuhi nzima, isipokuwa alikuwa mfupi, na mabega yake madogo.

Bridget: Nimekaa hapo nikawasikia mkitafuta kwa nini haikulia. Mmetafuta vizuri, na mmepata. Sasa, mzee, Jumatatu utaitengeneza?

Simu ya Githae ikaanza kulia. Alikuwa Kanini tena. Githae aliitoa akaiweka kwenye mchanga, akaitazama tu ikilia, mikono yake ikiwa magotini, inang'aa. Alifungua mdomo, akamtazama Sajini, akamtazama Aoko, akanitazama na mimi.

Bridget alingoja. Simu ikanyamaza. Akatuaga, akavuka barabara kwenda kwenye pikipiki yake, na hakuna mtu kwenye benchi langu aliyekuwa amemjibu.